Anakwenda kutegua mabomu Sudan Kusini: joto la kule ajiandae nalo vipi?

Bin_Temeke: Wakuu, salaam. Kuna kijana hapa Temeke anaondoka Januari. Jua la Dar kalizoea, ila kule Februari na Machi joto hupita nyuzi 38, naye atapiga magoti ndani ya fulana nzito ya kinga na kioo cha uso. Anywe maji kiasi gani?

Kazi_Porini: Mkuu, mazoezi ya Dar yatamsaidia ila yasimdanganye. Hapa jasho linachuruzika kwa unyevu wa hewa. Kule hukauka kabla hajaliona, akadhani hajapoteza maji. Aangalie mkojo: ukifanana na chai ya rangi, kashachelewa. Anywe robo lita kila dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu. Kichwa kitauma, kichefuchefu kitakuja, wenzake watadhani ni kiu na kumwongezea maji! Mwili huzoea kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo siku ya kwanza aombe moja ya tano tu ya zamu. Na kazi ianze alfajiri. Hata panya buku wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro hunusa mabomu asubuhi mapema.

Mama_Huduma: Naongezea: asimeze dawa za mafua zile za kusinzisha. Hupunguza jasho.

Njia_Nyeupe: Mimi naogopa zaidi kioo. Joto likizidi mtu hukiinua apate hewa, na bomu la kukanyagwa hulipuka kuelekea juu, moja kwa moja chini ya kioo kilichoinuliwa. Akishindwa, arudi kwanza kwenye eneo la kupumzikia, ndipo avue. Kioo kikishika mvuke asubuhi, apake sabuni ya maji tone moja na kufuta kwa kitambaa laini hadi king'ae. Petroli na thina marufuku: plastiki hiyo ya milimita 5 huingia nyufa. Kifaa cha kutambua chuma akipime upya kila baada ya mapumziko.

Bin_Temeke: Na mtu akizidiwa?

Mama_Huduma: Akijibu ovyo au kuyumba, msingoje jasho likauke, wengi huanguka wakiwa wamelowa. Mtoeni kwa njia iliyokwisha kusafishwa mabomu tu, vueni fulana, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea. Msimnyweshe kama hajitambui. Kupoza kunaanza palepale, gari linafuata.