Data za visima vyetu dunia nzima inazo, mwananchi anaambiwa aandike barua

Wakuu hili jambo limenikaa kooni na leo nalitapika lote.

Kuna faili la Wizara ya Maji la vituo vya kuchotea maji hapa Tanzania, kila kituo kina mkoa wake, kata, aina ya pampu, nani aliyefunga, mwaka wa ujenzi, na kama kinatoa maji au kimekufa. Lilitolewa wazi zamani, DrivenData, tovuti ya mashindano ya kuchambua data, wakalifanyia shindano la kubashiri pampu zipi ni mbovu. Sehemu waliyopewa washindani kujifunzia ina vituo 59,400: vinavyofanya kazi 32,259, vilivyokufa 22,824, vinavyohitaji matengenezo 4,317. Mpaka leo mwanafunzi wa data popote duniani anajifunzia visima vya Iringa na Kigoma, anadaunlodi tu bure.

Sasa wewe wa hapahapa omba data za sasa uone, maana zile nyingi zilikusanywa 2011 mpaka 2013! Mimi niliomba ofisi moja ya umma orodha ya vituo vya wilaya moja tu, nikaambiwa andika barua, barua imefika naambiwa hizo ni data za ndani. Za ndani ya nini? Pampu iko juani kijijini kila mtu anaiona, imejengwa kwa kodi na kwa mikopo ambayo tunailipa sisi, halafu hali yake ni siri? Nimesumbua weee mwisho nikapewa PDF ya kuskani imelala ubavu, 3 na 8 hazitofautiani, GPS hakuna. Yaani mtu analo faili la Excel kwenye kompyuta yake, analiprinti, anagonga muhuri, analiskani, ndo anakupa. Nimekasirika mpaka leo.

Na watu wenye shida nalo wapo. Fundi akijua wilaya hii imejaa pampu za mkono aina ya Afridev na ile aina ya Nira anajua aagize spea gani kabla mambo hayajaharibika. Mwenyekiti wa kijiji akiwa na orodha mkononi diwani hawezi kumwambia kisima kilishatengenezwa.

Msiniambie sheria hamna. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016 na inataka ujibiwe ndani ya siku 30. Tatizo ni woga. Tulijiunga na ule mpango wa kimataifa wa serikali kuendeshwa kwa uwazi, OGP, mwaka 2011, tukajitoa 2017. 2018 sheria ya takwimu ikabanwa hadi kutoa namba zinazopishana na za serikali ikawa jinai, Benki ya Dunia yenyewe ikalalamika, 2019 wakalegeza, lakini afisa alishajifunza kwamba ukinyima hakuna anayekuuliza, ukitoa unaweza kupoteza kibarua.

Halafu hata zile zinazowekwa kwenye tovuti, nyingi hazina hata mstari mmoja unaosema unaruhusiwa kuzitumia, kuzisambaza au kutengeneza app ya biashara. Kijana anatengeneza kitu huku roho juu.

Nataka faili lenyewe, Excel au CSV, lenye tarehe ya kukusanywa na ruhusa ya matumizi imeandikwa, bila barua. Kama kuna mtu humu analo la miaka hii la wilaya yoyote aliweke hapa, ntalisafisha mwenyewe na kulirudisha kwenye uzi huuhuu kila mtu achukue.