MREJESHO: Mama kashafanyiwa upasuaji wa moyo

Wakuu habarini, ni yule niliyeuliza kama tukubali mama (miaka 54) abadilishwe valvu ya moyo (kile kilango kinachopitisha damu upande mmoja tu), maana nilisoma mtandaoni watu wanafia mezani nikapaniki kabisa. Asanteni sana mlioniambia nimuulize daktari hatari kwa MAMA YANGU ni kiasi gani, siyo hatari kwa ujumla, hilo swali lilibadilisha kila kitu.

Daktari akafungua kikokotoo kinaitwa EuroSCORE II, kilitengenezwa kwa data za wagonjwa zaidi ya 22,000 kutoka nchi 43, unajaza umri, figo zinafanyaje kazi, presha ya mapafu, nguvu ya moyo kusukuma damu, ni dharura au imepangwa, kinakupa asilimia ya uwezekano wa kufia hospitali. Ya mama ikaja chini ya 3. Ila akasema ukweli, wengi kwenye zile data ni watu wa Ulaya, na tatizo la mama limetokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kwa hiyo namba tuichukue kama mwongozo tu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Basi kafanyiwa, leo wiki ya sita, anapanda ngazi bila kuhema jamani! Kinachoninyima usingizi sasa ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ukiwekewa valvu ya chuma unaimeza maisha yote, INR yake (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) inatakiwa ikae 2.5 mpaka 3.5, ikizidi anaweza kuvuja damu, ikishuka damu inaganda kwenye valvu. Kipimo kingine Alhamisi, nampeleka mwenyewe.