Mdahalo wa wagombea 10, gazeti limemwona mmoja?

Wakuu, niko Ujiji. Jana nimefungiwa samaki mgebuka kwa gazeti kuukuu la Agosti 2015: mdahalo wa wanaowania tiketi ya urais Marekani kupitia chama cha Republican, kule Cleveland, Ohio. Jukwaani watu 10, habari nzima Trump! Wengine tisa walienda kunywa maji?

— Mkuu, wagombea walikuwa 17. Saba walipewa mdahalo wao saa 11 jioni. Tafiti za maoni ndizo zilizowapanga, na magazeti yakafuata foleni ileile.

— Ule mkubwa ulianza saa 3 usiku, mhariri anataka kufunga kurasa. Unanyakua kijembe, basi. Nani atachambua kodi usiku huo?

— Sawa, ila mgombea Kasich, gavana wa hapohapo Ohio wakati huo, kapata mistari miwili. Wa tatu umelowa mafuta.