Kompyuta ya gemu kwa pauni 500: fedha iende kwenye vifaa gani?

Swali, Leicester

Habari zenu ndugu zangu. Kuna kijana wa miaka 15 anayetaka kompyuta ya kuchezea Fortnite, EA FC na GTA V. Bajeti ni pauni 500, monita ya 1080p (skrini ya nukta 1920 kwa 1080) tayari ipo. Baada ya mwaka mmoja au miwili mashine itapelekwa Mombasa. Madukani kuna zilizokwisha kuungwa zenye taa nyingi, na mtandaoni kuna za ofisini za bei ya kutupa. Tuchukue ipi, au tuunge wenyewe? Na kwa vifaa gani?

Jibu, Birmingham

Salaam dada. Ungeni wenyewe, na hesabu ianzie kwenye kadi ya michoro. Hiyo ndiyo inayoamua gemu itakwenda vipi, kwa hiyo itengeeni theluthi ya fedha au zaidi. Kasha zuri na taa havimwongezei kijana hata fremu moja (picha moja kwa sekunde), na mashine nyingi za dukani za bei hii zimebana pesa kwenye kadi na pawa saplai ili zing'are kwa nje.

Kadi ninayoipendekeza ni RX 6600 ya GB 8. Inakula wati 132, inataka waya mmoja wa pini 8, na kwa 1080p gemu ulizozitaja inazimudu vizuri. Mkikuta RX 6500 XT kwa bei ya chini, iacheni: ina GB 4 tu na inatumia njia nne za PCIe (tundu linaloiunganisha kadi na bodi), hivyo kwenye bodi ya PCIe 3.0 inakwama vibaya. RTX 3050 nayo ziko mbili. Ya GB 6 si ile ya GB 8 iliyopunguzwa memori tu, imepunguzwa na koa (viini vya kukokotoa) pia. Someni boksi.

Prosesa: Ryzen 5 5600, koa 6, nyuzi 12 (kazi inazozifanya kwa pamoja), wati 65, na feni yake huja ndani ya boksi. Isichanganywe na 5500 wala 5600G, ambazo zina kashe (memori ya ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya 32 na zinaishia PCIe 3.0. Mjue pia kwamba 5600 haina michoro ya ndani: bila kadi, skrini itabaki nyeusi, na hapo hakuna kilichoharibika.

Bodi mama iwe ya aina ya B550, ya umbo dogo la micro-ATX. B450 ya mtumba inafaa pia, ila muulizeni muuzaji toleo la BIOS (programu ya msingi ya bodi), kwa sababu la zamani haliitambui Ryzen ya mfululizo wa 5000 na mashine haitawaka mpaka lisasishwe. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi hata bila prosesa, na hizo zinaokoa safari ya kwa fundi.

RAM ni GB 16 za DDR4-3200, vipande viwili vya GB 8. Kipande kimoja cha GB 16 kinatumia njia moja badala ya mbili, na gemu huanza kukatakata. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa hiyo hapa mtumba ni busara: RAM huharibika kwa nadra, na programu ya kuipima, MemTest86, ikiachwa usiku kucha itaonyesha kama ina hitilafu.

Diski iwe SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) ya TB 1, maana GTA V peke yake inapita GB 100. Si kila SSD yenye umbo la M.2 ni NVMe, nyingine ni SATA, kwa hiyo tazameni maandishi.

Pawa saplai ndiyo pekee nisiyokubali iwe ya mtumba. Mashine hii haifiki wati 300, lakini chukueni ya wati 550, daraja la 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka kadhaa.

Jibu, Rotterdam

Naunga mkono, na niongeze kuhusu hizo za ofisini. Nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba, ambayo Windows 11 haiikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Pawa saplai zake ni ndogo na mara nyingi plagi zake si za kawaida, hivyo hata kuibadilisha ni kazi. Kasha likiwa jembamba, kadi ya urefu wa kawaida haiingii. Kama fedha ingekuwa pauni 250 tu, basi ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na RTX 3050 ya GB 6, inayokula wati 70 bila waya wa ziada, ingefaa. Kwa 500 hapana.

Kadi ya mtumba ijaribiwe mbele yako: gemu nzito dakika 15, sikiliza feni, tazama joto, angalia kama skrini inatoa madoa. Huko Uingereza, ukinunua mtandaoni kutoka kwa kampuni una siku 14 za kughairi. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo.

Swali, Leicester

Asanteni sana. Kijana anaogopa kuunguza kitu. Afuate mpangilio gani?

Jibu, Birmingham

Aunge kwanza nje ya kasha, juu ya boksi la bodi mama. Prosesa ina pembe yenye pembetatu ndogo: ailinganishe na ya soketi, anyanyue mkono wa soketi, aiachie ijikalishe bila kuisukuma, kisha aufunge mkono. Bodi ikiwa na matundu manne ya RAM, ziingie la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kabla ya kufunga feni afungue vishikio viwili vya plastiki vya bodi, lakini bamba la nyuma abaki nalo. Feni ina gundi ya joto (dawa ya kupitishia joto la prosesa) tayari, na skrubu zake nne zikazwe kidogo kidogo kwa kukatiza msalaba.

Waya unaosahauliwa zaidi ni wa prosesa, pini 8, juu kushoto mwa bodi. Unafanana na wa kadi, lakini wa prosesa hugawanyika 4 na 4, wa kadi 6 na 2. Na asitumie waya wa pawa saplai nyingine hata plagi ikiingia, kwa kuwa mpangilio wa ndani hutofautiana na SSD au kadi inaweza kufa papo hapo.

Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye bodi. Mashine ikiwaka aingie BIOS, awashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM; bila huo kwa kawaida hubaki chini ya 3200), pamoja na fTPM na Secure Boot, ambavyo ni vya usalama. Gemu kama Valorant kwenye Windows 11 na Battlefield 6 hazifunguki bila hizo mbili za mwisho. Monita ikiwa ya 144 Hz (inayobadili picha mara 144 kwa sekunde), aibadilishe pia kwenye mipangilio ya Windows, maana huanza na 60.

Jibu, Columbus, Ohio

Dada, ninyi wa Uingereza mna nafuu: umeme na plagi ni kama vya Kenya na Tanzania. Wa Marekani watazame nyuma ya pawa saplai. Ikiandikwa 100–240V, badilisha waya tu. Ikiwa na swichi nyekundu ya 115/230, igeuzwe kabla ya kuchomeka, la sivyo italipuka.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) msiibebe, ni nzito na betri yake ni usumbufu kwenye ndege. Inunuliwe Mombasa, na iwe ya mawimbi kamili (pure sine wave), kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa huzima zikihamia kwenye UPS za bei nafuu. Chujio za vumbi zisafishwe kila mwezi, na mashine isikae dirishani penye upepo wa bahari, chumvi hula plagi.

Kadi itolewe na isafiri kwenye begi la mkononi, maana uzito wake huvunja tundu njiani. Ikifika, fungueni kasha kwanza, bonyezeni upya RAM na kila waya, rudisheni kadi na skrubu yake, ndipo muwashe.