Wakuu naombeni ushauri: nauziwa nyumba kijijini Japani kwa bei ya Bajaji mtumba, nichukue?

Kijana wa Same

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu ila kuandika ni mara chache, mnivumilie.

Niko Japani, sio Tokyo, niko kijijini kabisa mkoa wa Akita kule kaskazini, upande wa Yokote. Wazee watupu. Shule ya msingi ilishafungwa, basi linapita asubuhi na jioni basi, na sa hivi theluji imefika usawa wa dirisha. Jirani yangu ni bibi wa miaka 80 na ushee, nikiamka nakuta kaniachia figili au kabichi mlangoni, habishi hodi wala haachi karatasi. Sasa huyu bibi ana nyumba nyingine ya ukoo, ya marehemu shemeji yake, haikaliwi muda mrefu. Ya mbao, vyumba sita, ghala, kashamba mbele na mti wa matunda ya kaki. Kaniambia nichukue kwa yen laki tatu, kwetu ni kama milioni tano hivi. Yeye faida hana shida nayo, anataka tu taa iwake pale.

Swali langu ni moja, hawa watu wa kijijini unaishi nao vipi ukishakuwa mwenye nyumba? Maana mpangaji wanamsamehe mengi. Kuna chama cha mtaa na ada yake, kuna zamu ya kusafisha mitaro, kuna faili la matangazo linazungushwa nyumba kwa nyumba unasoma unagonga muhuri unapeleka kwa jirani. Ukikosea siku ya takataka mfuko wako unaachwa palepale umebandikwa karatasi kila mtu aone. Naogopa kujifunga na usingizi sipati. Nawasilisha.

Mtoto wa Kota

Siti ya mbele. Muuza kahawa pita huku.

Mama Kichuguu

Mwanangu kabla hatujafika kwa Wajapani, kwenu Same umejenga? Wazazi wanalala wapi? Vijana mkifika nje mnasahau mlikotoka, mnanunua vya watu. Kiwanja kwenu hakiyeyuki na theluji.

Chifu wa Uluguru

Mimi yalinikuta Handeni, mzee mmoja alinipenda sana akanipa shamba bei ya kutupa, nikapanda michungwa. Siku michungwa inaanza kuzaa wakaja watoto wake watatu kutoka Tanga na mjukuu mmoja askari, wakaniuliza we nani. Ile kesi ilikula ng'ombe wangu wote. Mpaka leo nikiona chungwa naskia kichefuchefu. Kwahiyo mkuu kuwa makini, hayo tu.

Fundi Dishi

Mpare kasikia nyumba ya milioni tano, atalala vipi usingizi 😂😂

Nagoya Boy

Mkuu salamu kutoka Nagoya. Hizo nyumba tupu zinaitwa akiya na sio muujiza, sensa ya makazi ya 2023 ilikuta ziko milioni 9 nchi nzima, karibu asilimia 14 ya nyumba zote. Manispaa nyingi zina daftari la kuzitangaza, kwahiyo bei sio ndo sehemu ngumu. Ugumu unaanza baadae. Choo ni cha aina gani, cha kuvuta maji au cha shimo kinachokuja kunyonywa na gari? Paa nani anapanda kushusha theluji? Maana huko Akita kila mwaka kuna watu wanakufa kwa kuanguka paani, tena wazee. Mabomba je, unajua kuyatoa maji usiku yasigande yakapasuka? Mafuta ya taa ya hita kwa nyumba ya vyumba sita utakunywa lita 18 kama soda. Af ujue hako kashamba, kama kwenye usajili ni ardhi ya kilimo, haliuzwi mpaka kamati ya kilimo ya manispaa iridhie.

Na swali langu kwako moja tu. Uko na viza gani na inaisha lini?

Kijana wa Same

Asanteni wakuu. Mama Kichuguu kwetu nimejenga, tena bati la rangi.

Nagoya Boy choo ni cha shimo ndio, ila gari linakuja ukipiga simu. Mabomba najua, kuna koki chini unafunga unafungulia bomba zote zitirike ndo ulale. Paa nimeshaanza kupanda, bibi ananishikia ngazi. Nashukuru kwa mchango, ila naomba tujikite kwenye majirani.

Kungwi Mstaafu

Nyumba ya marehemu hiyo, na Wajapani wana kabati la kuombea mizimu ya ukoo ndani ya nyumba. Lipo au halipo? Kama lipo mdogo wangu usilale humo hata kama umepewa bure. Sisi huku pwani tungeanza na hitma.

Kijana wa Same

Lipo, chumba cha mbele, na picha za wazee ukutani zinakuangalia. Bibi kasema ataita mchungaji wao wa dini asome kwanza ndo liondolewe, kuna utaratibu wake. Mimi sina tatizo nalo, naliamkia nikipita.

Nagoya Boy

Umejibu choo, umejibu mabomba, umejibu hadi kabati. Viza umeiruka.

Msambaa Original

Kwani si Japani walitupa mji mzima 2025? Nagai sijui. Hiyo nyumba si yetu tayari? Unanunua ya nini 🤣

binti_kilwa

Msambaa usirudishe ule upuuzi. Hakuna mji tuliopewa. Kwenye ule mkutano wa Japani na Afrika, TICAD, wa Yokohama, Agosti 2025, JICA, lile shirika la misaada la Japani, waliutaja Nagai, uko mkoa wa Yamagata, kuwa mji rafiki wa Tanzania kwa mambo ya kubadilishana tu. Huku kwetu ikaandikwa kama tumegawiwa ardhi, kule wakaambiana waafrika wanaletwa kwa viza maalumu, wananchi wakaipigia simu manispaa mpaka watumishi wakashindwa kufanya kazi. Septemba JICA wakafuta mpango mzima. Na Yamagata inapakana na Akita kwa hiyo mleta mada atakuwa alisikia maneno.

Kijana wa Same

Nilisikia sana binti_kilwa. Kuna mzee mmoja dukani aliniuliza kwa upole kabisa kama ndo tumeanza kufika. Nikacheka tu. Bibi yeye alimjibu kwa lafudhi ya huku sikuelewa lakini yule mzee alilipa akaondoka.

Sasa kuhusu viza kaka, ninayo halali ya uhandisi, nilikuwa kiwanda cha vipuri. Iko na muda bado mpaka mwakani. Ila kazini nimetoka.

Nagoya Boy

Umetoka lini?

Kijana wa Same

Oktoba. Jamani msinirukie. Mkuu wa zamu alikuwa hanipendi na sikuacha kwa hasira, nilikaa nikapiga hesabu zangu. Ile nyumba nataka niifanye ya kulaza wageni. Watalii wanaongezeka, Februari watu wanajaa Yokote kuangalia vile vibanda vya theluji vinavyoitwa Kamakura na hoteli zinajaa. Nasajili kampuni, nachukua viza ya meneja wa biashara, naleta na mke. Na bibi nimeshampa nusu ya hela. Kwahiyo sio suala la ninunue au nisinunue sana, ni namna ya kwenda nalo.

Mtoto wa Kota

Hahahaaa kumbe "nichukue?" ya kwenye kichwa ilikuwa ya kutusalimia.

Nagoya Boy

Ndo maana nilikuwa naganda hapo. Sikiliza.

Ukiacha kazi una siku 14 kuwataarifu uhamiaji. Uliwataarifu? Na ukikaa miezi mitatu bila kufanya shughuli ya viza yako na huna sababu ya maana wana haki ya kuifuta hata kama kwenye kadi imebaki miaka. Oktoba mpaka leo Januari ni ngapi? Kutafuta kazi kwa dhati inaweza kukubaliwa kama sababu, kwahiyo nenda Hello Work, ile ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi, ujiandikishe, tunza ushahidi wa kila maombi. Kumiliki nyumba hapa hakukupi ukaazi. Unaweza kuwa na nyumba kumi na ukaambiwa panda ndege.

Halafu hiyo ya meneja wa biashara waliibadilisha Oktoba 2025. Zamani mtaji ulikuwa yen milioni 5, sa hivi ni milioni 30 na lazima uajiri angalau mtu mmoja wa kudumu ambaye ni Mjapani au mwenye ukaazi wa muda mrefu. Unazo? Na kulaza wageni kwenye nyumba ya kawaida sheria inakupa siku 180 kwa mwaka mwisho. Nusu mwaka mlango umefunga, tena nusu yenyewe barabara iko chini ya theluji.

Na Juni itakuja bili ya kodi ya ukaazi, wanakata kwa kipato cha mwaka uliopita, hawakuulizi kama leo una kazi.

Mama Kichuguu

Na mke anajua kama huna kazi?

Fundi Dishi

Mama umegonga mfupa.

Kataa Ndoa Mwandamizi

Mnaona sasa? Jamaa angekuwa hana mke angekula figili zake kwa amani. Kataa ndoa.

Kijana wa Same

Mke anajua nabadilisha kazi. Mama na wewe.

Hiyo ya milioni 30 nilisikia ila kuna jamaa kaniambia inahusu miji mikubwa, vijijini wanalegeza.

Nagoya Boy

Ni nchi nzima kaka. Huyo jamaa ana kampuni ya kukusajilia kampuni?

Kijana wa Same

Ndio.

Dalali Hatari

Naomba niwasimamishe wakuu. Akaunti imefunguliwa mwezi uliopita, mtu anasema msomaji wa siku nyingi. Bibi mkarimu, nyumba vyumba sita, milioni tano, mke, biashara ya wageni. Nimefanya udalali miaka na miaka, najua hadithi inavyopikwa kabla mteja hajaletewa bei. Subirini, posti mbili zijazo atasema amebakiza laki na nusu nani amkopeshe, au atawaambia na nyie mnaweza kupata nyumba kama hiyo, mnitumie ada ya fomu. Chai hii, tena ya rangi. Weka picha ya hiyo nyumba na gazeti la leo.

Mtoto wa Kota

Eeh na mimi nilishangaa hizo figili. Nani anaacha mboga mlangoni bure.

Chifu wa Uluguru

Mi nimeshatoa siri ya kesi yangu hapa kumbe tunachezewa.

Kijana wa Same

Picha siweki. Kijiji chenyewe kina nyumba za kuhesabu, bibi atatambulika na hajanipa ruhusa. Sijamwomba mtu shilingi humu na siombi. Mnataka niwape nini?

Nagoya Boy

Ngoja mimi nimjaribu. Mkuu, mkesha wa mwaka mpya wale Namahage wa mapembe, wanaovaa vinyago vya mashetani, waliingia kwako? Maana Akita nzima wanasifika kwa hao.

Kijana wa Same

Hao ni wa rasi ya Oga huko baharini, mimi niko bara, huku hawaji. Mkesha nilikuwa kwa bibi nachemsha kiritanpo, ule wali wa kuponda wa kwenye vijiti, TV imewashwa, miguu chini ya meza ile yenye hita, yeye alishasinzia kabla ya saa nne. Na ule mti wa kaki unaousikia, Novemba tuliuchuma wote mpaka juu sio kwa kuupenda, manispaa walipita na gari la kipaza sauti wanasema matunda yasibaki mtini yanaita dubu. Mwaka jana dubu walijeruhi watu Akita hadi wanajeshi wakaletwa kusaidia kutega mitego. Bibi akienda bustanini anajifunga kengele. Nikitaka kuwatapeli ningetunga sehemu yenye joto.

Nagoya Boy

Kapita. Mtu wa kutunga angenijazia mashetani ndani ya nyumba.

Dalali Hatari

Hata gugo inajua Oga iko wapi. Nabaki na msimamo wangu.

binti_kilwa

Tuseme hata ni ya kutunga, majibu ya Nagoya Boy yamenifaa, kaka yangu yuko Fukuoka anataka kuacha kazi hivyo hivyo. Mleta mada nina swali la kisheria dogo, nyumba ina jina la nani? Umesema ya shemeji wa bibi. Bibi kwa mume wake ni mke, kwa shemeji yake ni nani? Huko tangu Aprili 2024 kusajili mirathi ya nyumba ni lazima, na aliyekwenye usajili ndo anayeuza. Hiyo nusu ya hela umempa mtu mwenye haki ya kuipokea?

Chifu wa Uluguru

HANDENI HIYO!! Niliwaambia.

Kijana wa Same

Wakuu nimerudi, nilikaa kimya kwa sababu ya kuzunguka maofisini. Idara ya akiya manispaa walinipokea vizuri wakanielekeza ofisi ya usajili. Jina lililopo sio la shemeji. Ni la baba yao, alikufa enzi za Showa, yaani kabla hata ya 1989. Warithi wametawanyika, wengine Sendai, wengine Saitama, kuna mmoja wanasikia yupo Brazili. Kila mmoja inabidi agonge muhuri.

Bibi aliposikia alitaka kunirudishia hela yangu palepale, akaitoa kwenye bahasha ileile hakuigusa. Nimekataa. Tumekubaliana nikae kama mtunzaji, silipi kodi, nashusha theluji za nyumba zote mbili, yeye anawapigia hao ndugu mmoja mmoja, na anafurahi maana wengine hajaongea nao tangu mazishi. Ya kilimo sijauliza bado. Na chama cha mtaa nimeshaingia, nimepewa zamu ya Aprili ya mitaro. Kwahiyo naona njia ipo, mnaosema nirudi nyuma mimi sioni kwa nini.

Fundi Dishi

Sasa wewe ni shamba boi wa Kijapani mwenye digrii. Hongera.

Nagoya Boy

Uhamiaji ulienda? Ofisi ipo Akita mjini, ni treni tu. Fomu ya kuacha kazi unaweza kuijaza hata mtandaoni. Hello Work je?

Mama Kichuguu

Na mke?

Kijana wa Same

Kesho treni zimesitishwa kwa theluji. Nitawapa mrejesho.

Dalali Hatari

😏

Mtoto wa Kota

Samahani kwa kutoka nje ya mada, huko kijijini vile vikeri vidogo vya Suzuki Carry vya wazee vinauzwaje? Kama kuna babu anaacha kuendesha niunganishe naye, nipo serious.