Mjadala: Dawa ya kuziba NGF kwa maumivu ya magoti, tuiruhusu au ibaki imekataliwa?

Wakuu, mchangiaji aliyenitangulia anasema ilikuwa ukatili kuikwamisha tanezumabu, dawa hiyo ya kuziba NGF, mwaka 2021. Hoja yake: dawa inapunguza maumivu, mgonjwa ni mtu mzima, aachiwe achague. Uchungu wake naujua. Mtu anayeshika meza kila anapoinuka kitini hana muda wa nadharia. Lakini napinga, na sababu yangu inaanzia kwenye utando wa seli.

Tanezumabu ni kingamwili. Inaidaka NGF, protini ya kukuza neva iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986, kabla haijafika kwenye kipokezi chake, TrkA, yaani protini ya kwenye utando wa neva inayoipokea. Sasa tazama kinachozuiwa. NGF ina nusu mbili zilizoshikana. Ikitua kwenye neva, inavuta vipokezi viwili vikae bega kwa bega. Upande wa ndani vinabandikana fosfeti, alama ndogo za kemikali, na protini nyingine zinazipokea habari hapo. Kisha NGF na kipokezi chake vinamezwa pamoja kwenye kifuko kinachosafiri ndani ya uzi wa neva, toka gotini hadi karibu na uti wa mgongo kilipo kiini cha seli. Hiyo ndiyo wanayoiita "swichi ya maumivu"!

Nitajibiwa kwamba neva za mtu mzima hazifi zikikosa NGF, kama zinavyokufa za mtoto aliye tumboni. Kweli kabisa. Ila wako watu waliozaliwa na jeni ya TrkA iliyoharibika. Hawasikii maumivu, hawatoki jasho. Mtoto wa namna hiyo anavunjika mguu na anaendelea kuukanyagia; anang'ata ulimi mpaka damu inatoka, wala halii. Viungo vyake vinaharibika mapema.

Na kwenye majaribio, baadhi ya waliopewa dawa viungo vyao vilisagika kwa kasi, hasa waliochanganya na dawa za kutuliza uvimbe kama diklofenaki. Ndiyo maana majaribio yalisimamishwa 2010, yakarejea 2015. Machi 2021 washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipiga kura 19 kwa 1 kwamba mpango wa kudhibiti hatari hautoshi; Oktoba, kampuni zilizokuwa zikiiendeleza, Pfizer na Eli Lilly, zikaachana nayo.

Mgonjwa achague, sawa. Achague kwa taarifa ipi, ikiwa sauti ambayo ingemwambia goti linasagika ndiyo iliyozimwa?

Mwenye saratani iliyoingia mifupani, aliyebakiza muda mfupi, hesabu yake ni nyingine. Huyo ningempa bila kusita. Ila kwa anayetaka kutembea miaka 20 ijayo, ninyi mlio upande wa pili nionesheni kipimo kitakachomwonya badala ya maumivu. Eksirei ya mara moja kwa mwaka, iliyokuwa ndani ya mpango ule, siikubali: gegedu, ile tabaka laini kati ya mifupa ya goti, linaweza kwisha ndani ya miezi.