Kome wa milimita 2 kutoka Antaktika: nitajuaje kama ni spishi mpya?

Chekeche:
Wakuu, salaam. Nina kome wadogo 14 waliopatikana kwenye tope lenye mabaki ya sifongo, Bahari ya Weddell, kina cha mita 280. Aliye mkubwa kuliko wote ana milimita 2.3. Weupe wa maziwa, karibu mviringo, kilele kimeegemea mbele kidogo. Nimemlinganisha na kome wadogo wa Antaktika wanaojulikana, Adacnarca nitens na Lissarca notorcadensis, hafanani na yeyote. Meno ya bawaba (vijino vya pale nusu mbili za gamba zinapoungana) ni machache: 3 mbele, 4 nyuma. Msimamizi wangu amesema "andika tu". Jina ninalo, la bibi yangu mzaa mama. Nianzie wapi?

Bawaba:
Jina la bibi liweke kabatini kwanza, ndugu yangu. Kabla hujauliza kama ni mpya, uliza kama ni mtu mzima.

Kuna kome mwingine, Limopsis marionensis, ambaye mtaalamu wa magamba Edgar Smith alimwandika mwaka 1885 kutokana na mzigo wa meli ya utafiti Challenger. Huyo hufika sentimita kadhaa na ana manyoya. Mtoto wake akikwanguliwa manyoya kwenye chekeche (samahani kwa jina lako) anabaki kijigamba cheupe cha duara. Na katika kome wa aina hii meno huongezeka kadiri gamba linavyokua. Hizo 3 na 4 zako huenda ni umri tu. Mimi nilishaandika kurasa tisa na kupanga picha, nikaja kugundua ninasifia mtoto wa watu.

Kipimo ni hiki. Adacnarca na Lissarca hulea watoto ndani ya gamba. Mweke kome wako kwenye maji, mwanga utoke chini, umtazame polepole. Wa milimita 2 akiwa na watoto tumboni, huyo si mtoto tena.

Kisha kilele. Pale juu kabisa kuna kikofia, gamba la utotoni, na ukingo wake huonekana vizuri kwa darubini ya elektroni. Kipime kwa mikroni kwa kila kielelezo unachopiga picha. Mtoto na mzazi wote wanacho, hakibadiliki, ndiyo maana mimi nakiamini kuliko umbo la gamba.

Kusafisha: klorini iliyozimuliwa sana, kome mmoja kisahani kimoja. Niliwahi kuwaweka wawili pamoja nikaenda kunywa chai. Kano zinazoshika nusu mbili za gamba zikayeyuka, nikarudi nikakuta nusu nne nisijue ipi ya nani.

Chekeche:
Nimewamulika. Watatu wana vijidoa ndani. Katika mmoja nimehesabu 9, na vina magamba yao tayari! Sikulala.

Mwandika_Majina:
Hongera, dada au kaka. Sasa mambo ya karatasi. Tangu mwaka 2000 jina halikubaliki bila kielelezo cha aina (kile kinachobeba jina la spishi) kutajwa wazi, kwa hiyo chagua mmoja awe holotipu, yaani kielelezo hicho kikuu, useme atahifadhiwa makumbusho gani. Wengine watakuwa paratipu, vielelezo vya kumsindikiza. Jarida likitoka kwa intaneti pekee, kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa na usajili huo uonekane ndani ya makala. Bila hivyo jina la bibi linaelea hewani. Kwa kuwa ni mwanamke, liishie na -ae.

Halafu usilinganishe na michoro ya vitabu peke yake. Omba picha za vielelezo vya aina vya spishi zote za jenasi hiyo. Mchoraji wa zamani alichora meno aliyoweza kuyaona, si meno yaliyokuwepo.

Na wamehifadhiwa kwenye nini?

Chekeche:
Formalini. Tangu safari ile, miezi saba.

Mwandika_Majina:
Loo. Formalini ikichacha inakula chokaa ya gamba, na DNA inaikatakata. Hamishia alkoholi leo hii. Ukitazama bawaba kwa makini huenda utaona meno yameanza kulainika. Kama ndivyo, hesabu yako ya 3 na 4 irudie kwa wale waliobaki wazima.

Chekeche:
Nahamisha sasa hivi, koleo liko mkononi.

Bawaba:
Weka koleo chini! Brashi yenye unywele mmoja, ilowe. Koleo likibana, kome anaruka, na sakafu ya maabara haijawahi kurudisha kitu. Yule mwenye watoto 9 mhamishe wa mwisho, mkono ukishazoea.